Bunduki Mkononi, Kamera Mgongoni

Mwaka 1962, katika Dr. No, filamu ya kwanza ya James Bond, Ursula Andress anatoka baharini kwenye ufukwe wa Jamaika akiwa na bikini nyeupe, makombe mkononi na kisu kiunoni. Bond amejibanza kando anamchungulia, na mtazamaji anachungulia naye. Picha hiyo inakumbukwa na wengi. Kinachofuata kinakumbukwa na wachache. Baadaye mwanamke yule, Honey Ryder, anamsimulia Bond jinsi mwenye nyumba wake alivyombaka, na jinsi alivyolipiza kisasi kwa kumtilia buibui wa sumu ndani ya chandarua. Bwana yule alichukua wiki nzima kufa. Kwa kipimo chochote, mwanamke huyo ni mtu wa kuogopwa kuliko nusu ya maadui waliomo katika filamu ile. Lakini habari yake inapita na hairudi tena, na karibu na mwisho tunamkuta amefungwa minyororo, maji yanampanda, anamsubiri stelingi aje amfungue. Hata sauti tunayoisikia si yake. Lafudhi ya Andress haikuwapendeza watayarishaji, wakampandikizia sauti ya Nikki van der Zyl, ambaye baadaye aliwasemea wanawake wengine kadhaa wa Bond. Kilichoachwa kuwa mali ya Andress ni umbo, nalo halikukosa soko: mwaka 2001 ile bikini iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 35,000.

Historia ya mwanamke katika filamu za mapigano husimuliwa kama ngazi. Zamani, tunaambiwa, alipiga mayowe akaokolewa. Baadaye akafundishwa kurusha ngumi. Siku hizi anaiokoa dunia. Ukizichunguza filamu zenyewe, ngazi hiyo huioni. Mwanamke amepigana tangu filamu hazina sauti. Kilichokuwa kikipanda na kushuka ni jicho linalomtazama anapopigana. Mwandishi wa muswada anaweza kumpa bunduki, kisasi cha haki, hata utaalamu wa nyuklia, kama walivyompa Denise Richards katika The World Is Not Enough mwaka 1999 huku wakimvika kaptula. Lakini mpiga picha na mhariri wakishaamua kumtazama kama pambo, shahada yake haimfai kitu.

Tuanzie mwaka 1914. Mwaka huo Pearl White alikuwa gumzo Marekani kwa filamu ya mfululizo The Perils of Pauline, na kampuni ya Kalem ikaanza kutoa The Hazards of Helen, mfululizo uliofika sehemu 119 kabla ya kufungwa mwaka 1917. Helen ni karani wa telegrafu katika stesheni ya reli. Anafukuza treni, anaruka juu ya mabehewa, anawakamata wezi, na wiki inayofuata anarudi kazini kama kawaida. Aliyemwigiza kwanza, Helen Holmes, alikuwa pia na mkono katika utayarishaji pamoja na mumewe, mwongozaji J. P. McGowan. Aliyempokea, Rose Gibson, alibadilishiwa jina akaitwa Helen. Alitoka katika michezo ya farasi, aliwahi kuruka kutoka paa la stesheni hadi juu ya treni inayokwenda, na anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza Marekani kuishi kwa kazi ya vipande vya hatari. Ng'ambo ya pili ya dunia, Bombay, mwaka 1935, Mary Ann Evans mzaliwa wa Perth, Australia, aliyejulikana kwa jina la Nadia, alitokea katika Hunterwali akiwa amevaa barakoa, mjeledi mkononi, akiwabeba wanaume mabegani na kuwabwaga chini. Hadhira ya pwani yetu, iliyolelewa na picha za Kihindi katika majumba ya sinema ya Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, haina sababu ya kuamini kwamba mwanamke wa kupigana alizuliwa Hollywood juzi.

Kwa hiyo swali si lini alianza kupigana. Swali ni nani alimnyang'anya kazi. Studio kubwa za Marekani zilipojikusanya na kujiimarisha katika miaka ya 1920, wanawake waliokuwa wakiongoza na kutayarisha filamu walisukumwa pembeni, na filamu za mfululizo zikabaki bidhaa ya bei rahisi. Vipande vya hatari vikahamia kwa wanaume. Kwa miongo kadhaa, mwanamke alipotakiwa kuanguka kutoka kwenye farasi, aliitwa mwanamume, akavikwa wigi na gauni, akaanguka yeye. Hali hiyo ni mojawapo ya sababu za wanawake wa kazi hiyo kuanzisha chama chao mwaka 1967. Hapa kuna jambo ambalo wahakiki wa kwenye makaratasi hulisahau: mwanamume anayeangushwa ngazini akiwa na suruali na koti huvaa sponji za kukinga magoti, nyonga na mgongo, na hakuna anayeziona. Mwanamke anayeangushwa ngazi hiyohiyo kwa niaba ya nyota aliyevaa kigauni kifupi hana pa kuzificha. Anaanguka na ngozi yake. Jicho tunalolizungumzia humwachia mtu michubuko halisi.

Aliyelipa jina jicho hilo ni Laura Mulvey, Mwingereza, katika insha iliyochapishwa na jarida la Screen mwaka 1975. Hoja yake ni ya kifundi kuliko wanavyodhani wanaoirudia kwa kusikia tu. Katika filamu, alisema, kuna mitazamo mitatu: wa kamera inapopiga picha, wa hadhira inapoitazama, na wa wahusika wanapotazamana. Filamu za kawaida za Hollywood huificha miwili ya kwanza nyuma ya wa tatu. Tunaonyeshwa uso wa mwanamume anayetazama, kisha mguu wa mwanamke, kisha uso wa mwanamume tena, na bila kuulizwa tumeshakuwa yeye. Mwanamume ndiye anayekisukuma kisa mbele. Mwanamke anapotokea, kisa husimama kidogo ili atazamwe. Mulvey alitumia zaidi filamu za Hitchcock na za von Sternberg, na hakugusa sana filamu za mapigano. Lakini hizo ndizo zinazompa ushahidi mzito kuliko zote, kwa kuwa zimejengwa juu ya swali moja tu: nani anatenda, nani anatendwa.

Insha hiyo ilikosolewa, na kwa haki. Iliandikwa kana kwamba kila mtazamaji ni mwanamume, au mwanamke asiye na ubishi. Mwaka 1992 mhakiki bell hooks alijibu kwamba wanawake weusi wa Marekani walikuwa wakiketi mbele ya filamu hizo kwa jicho la ukaidi, wakijua fika kwamba mwanamke anayepambwa pale si wao. Jibu hilo linatusaidia kumwelewa Pam Grier. Katika Coffy ya mwaka 1973 na Foxy Brown ya mwaka uliofuata, Grier ni stelingi bila ubishi: anapanga, anahadaa, anaua, analipiza kisasi cha ndugu au cha mpenzi. Wanawake weusi waliolipa kiingilio walikuwa na sababu ya kushangilia. Na katika filamu hizohizo, njia ya Coffy kuwafikia wauza dawa za kulevya hupita kila mara katika kuvua nguo, na katika ugomvi wake na makahaba kwenye karamu nguo zinararuka kwa mpangilio ambao hakuna ugomvi wa kweli ungeufuata. Nguvu na pambo vimo katika kipande kimoja. Anayesema Grier alikuwa mkombozi na anayesema alitumiwa wote wanaitazama filamu ileile, na wote wanaona sawasawa.

Hong Kong walikuwa na desturi nyingine. Mwaka 1966 King Hu alitoa Come Drink with Me, na ndani yake Cheng Pei-pei, aliyesomea ngoma ya baleti, ameketi peke yake mezani katika nyumba ya wageni huku majambazi wakimzunguka na kumchokoza. Wanamrushia vitu, anavizuia pasipo kuhangaika. Kamera imerudi nyuma. Tunamwona mzima, tunaona meza, tunaona nani yuko nyuma yake. Haikuwa heshima kwa wanawake iliyoiweka kamera pale, maana soko la Hong Kong halikuwa shule ya usawa. Ilikuwa hesabu ya bidhaa: kilichouzwa kilikuwa ustadi, na ustadi hauonekani vipandevipande. Mtu akikuonyesha paja, kisha kiuno, kisha midomo, hujui kama mwenye mwili anajua kupigana. Akikuonyesha mwili mzima ukizunguka kwa sekunde 8 bila kukatwa, unajua. Ndiyo maana Michelle Yeoh, aliporuka na pikipiki akatua juu ya treni inayokwenda katika Police Story 3 mwaka 1992, alionyeshwa kwa umbali wa kutosha kutambua kwamba ni yeye. Kutoka Helen Gibson hadi hapo ni miaka 77, na kamera imesimama karibu palepale.

Hata huko, hata hivyo, kulikuwa na mlango wa nyuma. Enter the Dragon ya mwaka 1973 ndiyo iliyolifanya jina la Bruce Lee lijulikane kila nyumba, hata kwetu. Angela Mao anacheza dada yake. Analichakaza kundi la wanaume mmoja baada ya mwingine, kwa ufundi usiopungua wa kaka yake, kisha anabanwa ghalani na kujiua kwa kipande cha kioo asinajisiwe. Dakika zake zimekwisha. Kazi yake ilikuwa kumpa kaka sababu ya kwenda kisiwani kwa adui. Huyu ndiye mwanamke aliyetumika kuliko wote katika filamu za mapigano: marehemu. Mke katika Braveheart, mke katika Gladiator, mke katika John Wick. Hatazamwi kwa tamaa, ni kweli, lakini ni kwa sababu hatazamwi kabisa. Anakumbukwa, kwa kawaida katika mwanga wa asubuhi na shuka jeupe.

Mwaka 1979 ndio unaotajwa zaidi, kwa sababu ya Alien ya Ridley Scott. Waliobuni muswada, Dan O'Bannon na Ronald Shusett, walieleza kwamba wahusika wote wangeweza kuchezwa na mwanamume au mwanamke. Ndiyo maana Ripley wa Sigourney Weaver anazungumza kama mfanyakazi: anadai kanuni za karantini zifuatwe, anabishana kuhusu kazi, anakosea, anaogopa. Hakuna aliyekumbuka kumfanya mrembo wa mtu. Kisha, adui anapodhaniwa ameshakufa, dakika za mwisho zinamvua sare na kumbakiza na chupi na fulana, kamera ikimfuata polepole. Wapo wanaosema ni kuonyesha udhaifu wa binadamu mbele ya jinamizi. Sawa, ila udhaifu huo haukuonyeshwa kwa wanaume wanne waliotangulia kukabiliwa ndani ya meli ileile. Filamu ya pili, Aliens ya mwaka 1986, ilimpa Weaver uteuzi wa tuzo ya Oscar na pia ikampa mtoto wa kumlinda. Sarah Connor wa Terminator 2, mwaka 1991, amejenga misuli ambayo Hollywood haikuwa imezoea kuionyesha kwa mwanamke, naye anapigana kwa ajili ya mwanawe. Bunduki ya mwanamke ilihitaji kibali, na umama ukawa kibali chenyewe. Ya Schwarzenegger haikuwahi kuombewa.

Kumtaja Schwarzenegger kunaleta pingamizi linalosikika mara nyingi: mbona wanaume nao huvuliwa mashati? Katika Commando na katika Rambo ya pili, zote za mwaka 1985, vifua vimepakwa mafuta vinang'aa kuliko gari jipya. Mhakiki Steve Neale alilijibu hilo mapema, mwaka 1983. Mwili wa mwanamume katika filamu hizi huonyeshwa katikati ya pambano, unajeruhiwa, unavuja damu, na kwa hiyo jicho linapewa udhuru: tunatazama tendo. Misuli ya Rambo inaeleza atakachofanya. Bikini ya Honey Ryder haielezi chochote atakachofanya. Nakubali kwamba mwaka 2006, Daniel Craig alipotoka baharini na kaptula ya kuogelea katika Casino Royale, jicho lilimgeukia Bond mwenyewe, na kwa makusudi. Lakini sauti yake waliiacha, na kisa kilibaki chake.

Pingamizi la pili ni la kwetu zaidi, na linastahili jibu refu kuliko linavyopewa. Wengi watasema tatizo ni nguo: mfunike mwanamke, na neno litakwisha. Filamu zenyewe zinalikataa hilo. Scarlett Johansson alipoingia kama Black Widow katika Iron Man 2, mwaka 2010, vazi lake la kazi lilimfunika kutoka shingoni hadi vidoleni, na bado kamera ilimzunguka kwa namna iliyomfanya mwigizaji mwenyewe aseme, miaka kama 10 baadaye, kwamba mhusika yule alifanywa kitu cha tamaa. Kwa upande mwingine, Ripley akiwa na fulana isiyo na mikono katika filamu ya pili haonekani kama pambo hata kidogo. Mfano ulio wazi zaidi ni Transformers ya Michael Bay, mwaka 2007. Mhusika wa Megan Fox, Mikaela, ni fundi. Ameyajua magari kwa baba yake mwizi wa magari, ana rekodi ya polisi aliyoibeba kwa kukataa kumsaliti baba huyo, na gari la kijana linapozima yeye ndiye anayefungua boneti na kujua kasoro ilipo. Kwenye karatasi, ana historia nzito kuliko ya kijana anayeitwa stelingi. Sasa tazama kipande chenyewe. Anainua mikono kushika boneti, na kamera inateremka hadi tumboni pake, inakaa hapo, inapanda mgongo uliopindwa, jua la jioni likimpiga ngozi. Maneno yake kuhusu injini yanapita kama kelele za barabarani. Kijana haelewi anachoambiwa, na sisi pia tumezuiwa kuelewa. Angevishwa ovaroli, kamera ile ingeteremka vilevile.

Watazamaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya pekee ya kulijua hili. Katika vibanda vya video, filamu nyingi zilitufikia kupitia mtu wa tatu: Lufufu wa Dar es Salaam, DJ Afro wa Kenya, na wenzao wa Uganda, waliopandisha sauti zao juu ya picha, wakatafsiri, wakatania, wakawapa wahusika majina na tabia ambazo mwandishi wa Marekani hakuziota. Msimulizi anaweza kumgeuza jambazi akawa shemeji. Kitu kimoja hakiwezi: kuisogeza kamera. Akitaka kumsifu mwanamke kwa akili wakati picha imeganda kiunoni, ataongea peke yake.

Ushahidi ninaouona kuwa haukwepeki ni pale mwigizaji yuleyule, katika nafasi ileile, anapopita chini ya macho mawili. Mwaka 2017 Gal Gadot alicheza Wonder Woman mara mbili. Katika filamu ya Patty Jenkins anapanda kutoka handakini na kuuvuka uwanja wa vita peke yake, risasi zikimpiga ngaoni; sketi ni fupi, miguu iko wazi, na tunachokitazama ni uso, ngao na mita zilizobaki. Miezi michache baadaye ikaja Justice League, iliyoanzwa na Zack Snyder na kumaliziwa na Joss Whedon. Mwigizaji ni yuleyule, na kamera sasa imeshuka chini, nyuma yake, ikimsubiri apite. Katika kipande kimoja shujaa mwenzake, Flash, anaangukia kifuani pake, mzaha ambao Whedon alikuwa ameshautumia kwa Black Widow mwaka 2015. Baadhi ya mashujaa wa kike wa kisiwa chake nao walipunguziwa deraya hadi tumbo likabaki wazi, kana kwamba mishale imepigwa marufuku kulenga hapo. Margot Robbie alipitia safari kama hiyo kwa upande wa pili: Harley Quinn wa Suicide Squad, 2016, anavalia mbele ya wanaume waliosimama kumkodolea macho; katika Birds of Prey ya Cathy Yan, 2020, ambayo Robbie alikuwa mtayarishaji, kichaa ni kilekile, rangi zimezidi, na mapigano yanapigwa kwa umbali wa kuona miguu inatua wapi.

Je, dawa ni kuwapa wanawake kiti cha uongozaji na basi? Nisingeliweka hivyo. Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015 iliongozwa na mwanamume, George Miller, na ndani yake Furiosa wa Charlize Theron ndiye anayeendesha lori na kisa chenyewe. Wake watano wanaotoroka wamevaa vitambaa vyepesi, na tunawakuta wakioga kwa bomba, kipande ambacho mwongozaji mwingine angekikamua. Miller anakipitisha haraka na kutuonyesha mkasi unaokata mikanda ya chuma waliyofungwa viunoni. Lakini filamu ile ilihaririwa na mwanamke, Margaret Sixel, aliyepata Oscar kwa kazi hiyo. Ajira za nyuma ya kamera hazina uhakika wa kimuujiza, ila zinabadilisha nani atasema "ngoja kwanza" picha ikiwa mezani. Mbunifu wa mavazi Ruth Carter alifanya hivyo kwa Black Panther ya mwaka 2018. Katika vitabu vya katuni vya 1998 walinzi wa mfalme, Dora Milaje, walikuwa wachumba wa akiba wenye vigauni vifupi. Carter aliwavika deraya nyekundu na viatu bapa, na vichwa vyao vimenyolewa. Lupita Nyong'o, aliyekulia Kenya, anacheza mpelelezi katika filamu hiyohiyo, na mapenzi yake na mfalme hayamzuii kuwa na kazi yake. Filamu ilivuka dola bilioni 1 duniani.

Fedha ndizo kimbilio la mwisho la wanaotetea desturi: soko linataka hivi, wanaume ndio wanunuzi, filamu za stelingi wa kike hazilipi. Mwaka 2014 bosi wa Marvel, Ike Perlmutter, alimwandikia mkuu wa Sony barua pepe fupi, iliyovuja baadaye, akiorodhesha filamu za mashujaa wa kike zilizokula hasara: Elektra, Catwoman, Supergirl. Filamu tatu katika miaka zaidi ya 20, na mbili kati yake zilisifika kwa ubovu kabla hata hujamfikiria mwanamke aliyemo. Wonder Woman ilikusanya zaidi ya dola milioni 800 miaka mitatu baadaye, Captain Marvel ikavuka bilioni 1 mwaka 2019, na orodha ile ikanyamaza. Mwaka 2023 The Marvels ilianguka vibaya, na hoja ikafufuka siku hiyohiyo: mnaona, wanawake hawauzi. Mwaka uleule The Flash, yenye stelingi mwanamume na bajeti ya takriban dola milioni 200, nayo ilikula hasara. Ilisemwa kwamba mwigizaji ana kashfa, kwamba watu wamechoka na mashujaa, kwamba picha za kompyuta ni mbovu. Hakuna bosi wa studio aliyejitokeza kusema kwamba wanaume hawauzi.